Pumzi za Watu Kumi na Wawili

Mama mkwe mtarajiwa akikuchukia, angalau unajua pa kusimama. Akianza kukupenda ghafla, ndipo mtu anaangalia milango iko wapi.

Ujumbe ulikuwa mfupi: "Njoo Jumamosi saa nane, mwanangu." Kimya aliusoma mara tatu. Kwa mwaka mzima mama yule alikuwa akipokea mkono wake kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa samaki ambaye hakumwagiza. Leo ni mwanangu.

Kimya halikuwa jina alilozaliwa nalo. Alilipata maabara, kwenye chumba cha lehemu, alikokaa kutwa nzima ameinama juu ya bodi za kijani, akiunganisha vipande vidogo kuliko punje ya mchele. Hakuwa msomi. Aliishia shule ya msingi. Lakini alikuwa na mkono usiotetemeka na jicho lisilopitwa, na maabara ile ilihitaji vyote viwili. Walikuwa wakitengeneza kompyuta ndogo zisizo na kioo wala vitufe, zile zinazofichwa tumboni mwa mashine na kuamua zenyewe lini bomba lifungwe, lini moto upungue. Na Dokta, bwana aliyemtia wazimu, alikuwa akizifundisha kusukuma hewa kwenye mapafu ya wagonjwa.

"Kompyuta ya mezani ikikosea," aliwahi kumwambia, "unaizima, unaiwasha, unacheka. Hii yangu ikikosea hakuna wa kucheka."

Alikuwa daktari wa vitabu, wala hakuwahi kumdunga mtu sindano. Majirani wa mama yake hawakulielewa hilo. Kila mwezi hakukosekana wa kuja kumwonyesha goti lililovimba, naye angelitazama kwa huruma zote na kusema, "Shangazi, goti hili lingekuwa na betri ningekusaidia."

Kimya alipoingia sebuleni saa nane kamili, mashine ilikuwa tayari juu ya stuli, ukubwa wake kama mkate mkubwa, mrija umejikunja pembeni. Aliijua kila sehemu yake. Hata hivyo, kuiona pale, kwenye nyumba ya watu, chini ya picha ya marehemu baba, kulimtia ubaridi ambao hakuweza kuueleza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo, kwenye mwanga. Nikuone."

Mama aliongea kwa vipande, kama mtu anayepanda ngazi. Miaka ishirini na miwili ndani ya kiwanda cha nyuzi, na vumbi la pamba lilikuwa bado limekaa kifuani mwake kana kwamba limepangisha chumba.

"Mimi sina mafumbo," alisema. "Sikukutaka. Sikulila lile vumbi... ili mwanangu aje aoe mtu aliyeishia shule ya msingi. Nililisema hilo, na najua lilikufikia."

"Lilinifikia, mama."

"Ukanyamaza."

"Ningejibu nini? Kuishia niliishia kweli."

Dada yake Dokta, mwalimu wa sekondari aliyesahihisha watu hata msibani, alicheka puani. "Kimya kingi kina mshindo. Mtazame tu, mama."

"Hebu na wewe upumzike," Mama alimwambia. Akamgeukia Kimya. "Kaka yake huyu ameniambia mashine hii ni kazi yenu nyinyi wawili. Yeye ameiwaza, wewe umeiunga. Hospitali wanaanza nayo Jumatatu. Mimi nikasema hapana, mama kwanza. Mchana huu nalala nayo. Nikiamka nimepumua kama watu wengine..." Alikohoa, akajifuta, akamaliza. "Wiki ijayo wajomba zake watakuja kwenu."

Kimya alihisi sakafu ikimpandia. Kando ya dirisha Dokta alikuwa amesimama na tabasamu lile la upande mmoja, tabasamu lililomkosesha usingizi miaka miwili. Nani asingefurahi? Alifurahi. Alifurahi hadi akaogopa.

"Haya, usije ukatuzimikia," dada mtu alisema, akamtupia mapajani kitabu kinene chenye jalada la buluu. "Ripoti yenyewe hiyo. Kaka kaimaliza juzi. Wewe tazama picha, maandishi ni lugha ya wenyewe."

Kimya akatazama picha. Kwenye ukurasa wa arobaini alikuta mistari ya pumzi, inapanda na kushuka, kila mmoja na namba yake. Kwanza alitabasamu, maana alijua ilivyopatikana. Mwaka uliopita, kila Alhamisi baada ya kazi, Dokta alimfunga mkanda wa kupima pumzi kifuani na kumwambia akae tu. "Nataka pumzi yako," alimwambia siku ya kwanza, kisha akaona haya, akaongeza, "ya kufundishia mashine." Alhamisi kumi na mbili. Mapenzi yao yalianzia kwenye kiti kile cha plastiki.

Mstari wa nne ulikuwa na vijiti vitatu vilivyosimama juu. Hiyo ni kwikwi. Siku ile Dokta alimsimulia kisa cha mgeni wa heshima aliyeiamkia mashine ya kuuzia soda, naye Kimya akacheka mpaka kwikwi ikamshika.

Mstari wa saba ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka, halafu ukanyooka kama uzi uliovutwa. Sekunde tisa. Siku ile mkanda ulilegea, Dokta akainama kuukaza, na kidevu chake kikakaribia nywele zake. Alikuwa hajathubutu kupumua.

Chini ya mstari huo palikuwa na herufi moja, na mbele yake sitini na moja.

"Wifi, hii herufi ni ya nini?"

"Usiniite wifi, wajomba hawajatoka nyumbani bado. Hiyo ni mwanamume. Na hiyo ni miaka yake."

"Mwanamume wa miaka sitini na moja."

"Ndivyo ilivyoandikwa. Wako kumi na wawili. Wazima, wagonjwa wa mapafu, wazee, vijana. Kaka hafanyi kazi nusunusu."

Kimya alifunua ukurasa, akafunua mwingine. Mtu huzijua nyayo zake kwenye tope hata kama hajawahi kuziona. Wa kwanza ni yeye. Wa tano, mwanamke wa miaka sabini na tatu, ni yeye. Wa kumi na mbili ni yeye, siku aliyoambiwa "nakupenda" kwa mara ya kwanza, na mstari ukapanda haraka kama paka aliyeshtuliwa. Pale waliandika kijana wa miaka ishirini, mgonjwa wa pumu.

Akafunga kitabu taratibu.

"Dokta," alisema, "nisaidie jikoni kidogo, nimpatie mama maji ya moto."

Jikoni birika lilikuwa limeanza kuimba. Dokta alimfuata, akasimama karibu naye kama alivyozoea, bega kwa bega.

"Wale watu kumi na wawili ni akina nani?" Kimya aliuliza.

"Dada amekuambia nini?"

Kimya aliliona hilo. Mtu asiye na lake angeuliza, watu gani?

"Namba saba ni mimi nimebana pumzi."

Uso wa Dokta ukalainika, na kwa dakika ile alikuwa mzuri kuliko siku zote. "Unaikumbuka."

"Naikumbuka. Wewe umeniandika mzee wa miaka sitini na moja."

Dokta akashusha kikombe kabatini. Akashusha na sauti pia. "Sikiliza, mpenzi. Wagonjwa walitakiwa watoke hospitali. Ruhusa ikachelewa mwezi, ikachelewa mitano. Programu haiwezi kwenda na nafasi tupu, kwa hiyo nikaweka zako zishike nafasi tu. Sote tunafanya hivyo kule. Unaweka kitu pale, kazi iende, wakija wa kweli unatoa cha mwanzo. Na miaka nikaijaza kama ilivyotakiwa kuwa."

"Wakaja?"

"Tarehe ya mwisho ikaja kabla yao."

"Si ungemweka hata mlinzi wa getini? Hata huyu dada yako?"

"Ningeweza." Alimshika mkono, pale penye kovu dogo la chuma cha lehemu, akalipapasa kwa kidole gumba. "Lakini nilitaka uje wewe. Kila Alhamisi nilikuwa natafuta sababu ya kukurudisha kwenye kile kiti."

Maneno hayo Kimya angeyalipia kwa damu mwaka mzima uliopita. Sasa aliyasikia, na birika likamfokea sikioni.

"Kwa hiyo mashine imejifunza nini?"

"Imejifunza kupumua."

"Imejifunza kupumua kama mimi. Nimekaa, nimetulia, sina homa, sina vumbi. Na wewe uko karibu."

"Nimeiwekea kinga."

"Kinga inayojua kikohozi? Kati ya wale kumi na wawili, nani alikohoa?"

Dokta alinyoosha mkono. Akazima jiko.

"Mzuie, basi," Kimya alisema. "Mwambie imeharibika. Mwambie lolote."

"Leo? Leo ndiyo siku amekukubali, unajua ni mara ngapi nimepiga magoti mbele yake? Nitakaa pembeni yake na mkono kwenye swichi. Mchana huu mmoja. Ukishakuwa mke wangu tutarekebisha yote, taratibu, mimi na wewe."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Ingekuwa afadhali angefoka. Mtu anayefoka unajua ameona moto, lakini huyu alisimama katikati ya nyumba inayoungua, anakupangia mapazia.

"Nyinyi," Mama aliita kutoka chumbani, "hayo maji mnayachimba kisimani? Niko tayari."

Wakaenda.

Mama alikuwa ameegemea mito mitatu, mashine imeshahamishiwa kando ya kitanda, kitambaa kipya kichwani, kama bibi harusi. Dokta akamfunga barakoa, akakaza mikanda, akabonyeza. Mashine ikanguruma kidogo na taa ndogo ya kijani ikawaka. Dada mtu alikuwa na simu mkononi, anapiga picha.

Pumzi kumi za mwanzo zilikwenda kama wimbo. Macho ya Mama yalipanuka, maana hewa ilikuwa inamjia bila kuombwa. Alimwinulia mwanawe kidole gumba. Dokta akamtazama Kimya, na mtazamo ule ulisema, umeona?

Kimya hakuwa anamtazama yeye wala taa. Alikuwa anatazama mkono wa Mama juu ya shuka.

Kikohozi kikaanza, kile kikavu cha siku zote. Mama akavuta pumzi fupifupi, tatu kwa haraka. Mashine ikangoja. Ilimzoea mtu asiye na haraka. Halafu ikasukuma, na ilisukuma wakati kifua kinataka kutoa. Akakohoa tena ndani ya barakoa. Ikamsukumia tena. Vidole vikaanza kukusanya shuka, mkunjo kwa mkunjo.

"Dokta," Kimya alisema.

"Inajirekebisha. Taa ni ya kijani."

Na kweli ilikuwa ya kijani. Kwa mashine hapakuwa na shida yoyote duniani. Mkono wa Dokta ulikuwa juu ya swichi kama alivyoahidi, na macho yake yalikuwa kwenye taa.

Miguu ya Mama ikapiga godoro.

Kimya hakuomba ruhusa ya mtu. Alipiga hatua mbili, akaingiza vidole chini ya mikanda, akaing'oa barakoa. Mama akadondokea ubavu, akakohoa, akavuta hewa kwa sauti iliyowasimamisha wote nywele, akavuta tena.

"Wewe una wazimu?" Dada mtu alimshika Kimya bega, akamvuta nyuma. "Unamvua mama mashine, unataka kumuua? Taa si ya kijani hiyo?"

"Mwache," Dokta alisema kwa upole. "Ameogopa tu. Hajazoea kuona wagonjwa. Mama, siku za mwanzo mwili hushindana nayo kidogo. Ukiizoea..."

"Nilikuwa natoa," Mama alisema. Sauti yake ilitoka kama kwenye mfereji. "Natoa, inanirudishia. Natoa, inanirudishia." Akamtafuta Kimya kwa macho. "Wewe. Ulijuaje?"

Kimya alimgeukia Dokta. Alimpa nafasi. Alimpa nafasi ndefu, kwa macho, mbele ya watu wote, akimsihi. Dokta akaangalia mrija.

"Mashine haijawahi kukutana na mtu anayekohoa, mama," Kimya alisema hatimaye. "Haijawahi kukutana na mtu yeyote ila mimi. Wale wote walioandikwa kwenye ripoti ni mimi, Alhamisi kumi na mbili."

"Mwongo," dada mtu alisema. "Huyu anaijulia wapi ripoti? Muda si mrefu alikuwa ananiuliza herufi."

Mama aliinua kiganja, na binti yake akafunga mdomo.

"Mwanangu. Hao kumi na wawili. Nitajie mmoja."

"Mama, kwenye utafiti majina hayaandikwi. Ni utaratibu."

"Sikukuambia uandike, nimekuambia unitajie. Mmoja tu. Alikuwa mnene? Alivaa nini? Alipokuja alibisha hodi au aliingia tu?"

Dokta alifungua kinywa. Na kabla hajapata neno, macho yake yalikwenda yenyewe kwa Kimya, kama yalivyozoea. Mama aliyafuata macho hayo mpaka yalipofika. Akasikiliza kifua chake mwenyewe kikipiga filimbi.

"Basi," alisema. "Nimemwona."

Nje mtu alikuwa anapigilia bati, ko, ko, ko.

"Umeniokoa," Mama alimwambia Kimya. "Nisiposema hivyo Mungu ataniuliza. Lakini nikikuona mezani kwangu nitamwona huyu alivyosimama leo, anatazama taa na mimi nakwenda. Kila siku nitamwona. Sitaweza. Nenda kwenu, binti yangu. Wajomba hawatakuja."

Kimya alichukua mkoba wake. Alisema, "Ugua pole, mama," na sauti haikumsaliti mpaka alipovuka kizingiti.

Dokta alimkuta getini, akihema.

"Mama atapoa. Asipopoa, tutahama. Nakuoa hata kesho, bila wajomba, bila mtu."

"Na zile za hospitali?"

"Zile zimeshafungwa. Sita, wodi ya mapafu." Alipitisha kiganja usoni. "Kule kuna wauguzi, si kama nyumbani."

"Wauguzi watatazama nini?"

Wote wawili walijua watakachotazama. Mpita njia alisalimia, wakaitikia kama watu wema.

"Miezi miwili tu," Dokta alisema. "Nitaingiza pumzi za watu wa kweli, kidogokidogo, hakuna atakayejua. Ukisema leo, nimekwisha. Cheo, maabara, kila kitu. Na wewe utafukuzwa kabla yangu, fundi hana wa kumtetea. Nisaidie. Mengine yote niliyajaza, sikatai. Lakini kwamba nakupenda, hilo sikulijaza."

Kimya alimtazama sana. Alitafuta uongo usoni pale, kwa jicho lile lililozoea kutafuta ufa kwenye lehemu, na hakuupata. Alikuwa anasema kweli. Hapo ndipo alipoumia.

Aliinua mkono, akauweka shavuni mwake mbele ya barabara nzima, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Dokta alifumba macho.

"Nitakupigia jioni," alisema, ametua mzigo.

"Haya."

Alitembea mpaka kwenye kona akijua anatazamwa. Kwao ni kushoto. Akakata kulia.

Jengo la maabara Jumamosi lilikuwa tupu, na viatu vyake vilipiga kelele kwenye ukumbi kama vya watu wawili. Mlango wa mwisho ghorofa ya pili ulikuwa wa Profesa, mama mtu mzima aliyeiongoza maabara na ambaye hakuwa na Jumamosi wala Jumapili. Kimya aliwahi kuingia mle mara moja tu, kubadilisha soketi ya ukutani.

Alisimama nje ya mlango. Ndani karatasi ilifunuliwa, ikafunuliwa nyingine. Akibisha, hakuna harusi, hakuna kibarua, hakuna Alhamisi tena maishani mwake. Asipobisha, Jumatatu saa mbili asubuhi mtu asiyemjua atafungwa mikanda, na taa itawaka kijani.

Simu ikatetemeka mkobani. Hakuhitaji kuitazama. Aliiacha ikaita mpaka ikachoka.

Akabisha.

"Nani?"

"Ni mimi, Profesa."

"Mimi wapo wengi. Ingia."

Profesa alimtazama juu ya miwani. Mbele yake palikuwa na kitabu kile cha jalada la buluu, kimefunguliwa ukurasa wa mwisho, na kalamu ilikuwa imefunuliwa kifuniko.

"Wewe si wa chumba cha lehemu? Leo hamfanyi kazi."

"Hatufanyi."

"Sasa?"

Kimya alielekeza kidole kwenye kitabu. "Umesoma habari za wale watu kumi na wawili?"

"Ndiyo nimemaliza kuwasoma. Nataka kutia sahihi. Wamefanya nini?"

"Usitie," Kimya alisema. "Mimi ndiye hao."